Nani Alisema Kwanza? Kuhakiki Wasifu wa Mwigizaji wa Filamu

Merle Oberon hakuzaliwa Tasmania. Sentensi fupi kama hiyo ilichukua karibu nusu karne kukubalika. Tangu alipoibuka London mwanzoni mwa miaka ya 1930, studio na magazeti yalishikilia kwa kauli moja kwamba nyota huyo ni mzaliwa wa Hobart, mji mkuu wa kisiwa cha Tasmania huko Australia. Kweli yenyewe ni kwamba alizaliwa Bombay, India, tarehe 19 Februari 1911, akaitwa Estelle Merle Thompson, na sehemu kubwa ya utoto wake ilipita Calcutta, katika familia ya machotara wa Kihindi na Kizungu.

Anayeandika wasifu wa mwigizaji, iwe kwa blogu, kwa Wikipedia ya Kiswahili au kwa kipindi cha redio, atakutana na mambo ya namna hii mara kwa mara, ingawa mengi ni madogo zaidi: umri umepunguzwa miaka mitatu, jina la mama limekosewa, tuzo imepelekwa mwaka usio wake. Kurasa hamsini zinazorudia jambo lile lile hazisaidii kitu. Kinachosaidia ni kujua nani alilisema kwanza, alilisema lini, na alikuwa na sababu gani ya kulisema hivyo.

Sababu ya Oberon iko wazi. Uingereza na Marekani ya wakati ule hazikuwa na nafasi ya nyota wa kike mwenye damu ya Kihindi. Kanuni ya maadili ya filamu za Hollywood, iliyoandikwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, ilikataza mapenzi ya Weupe na Weusi kwenye skrini, na studio ziliitafsiri kwa upana wake wote. Kuzaliwa Bombay kungemfungia mlango. Tasmania ilikuwa ya Waingereza, na ilikuwa mbali kiasi kwamba hakuna mwandishi wa London ambaye angepanda meli kwenda kuulizia. Aliyetaka cheti aliambiwa kumbukumbu ziliteketea kwa moto.

Kauli hiyo ya moto usiidharau, lakini usiimeze pia. Kumbukumbu zilizoungua kweli zipo, na moto wake unajulikana kwa tarehe. Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 iliharibiwa na moto wa Washington mwaka 1921, na sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 1931 iliteketea yote mwezi Desemba 1942. Kwa hiyo ukiambiwa ziliungua, uliza: moto upi, jengo gani, mwaka gani? Asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo hana moto wowote.

Kilichofuata Tasmania ndicho kinachopaswa kumtia hofu kila mhakiki. Watu wa kule walilipokea jambo hilo kama lao, kisha wakaanza kulikumbuka. Ikazuka simulizi kwamba mama yake halisi ni Lottie Chintock, mwanamke wa asili ya Kichina aliyefanya kazi hotelini kaskazini-mashariki mwa kisiwa, na wapo waliolishikilia hilo kwa dhati kabisa miaka mingi baadaye. Hawakuwa waongo. Walikuwa wamesikia habari, wakaiunganisha na mtu waliyemfahamu. Mwaka 1978 Oberon alialikwa Hobart kwa tafrija ya Meya wa jiji. Muda mfupi kabla ya siku yenyewe ofisi ya meya iligundua haina ushahidi wowote kwamba amezaliwa pale, lakini tafrija ikaendelea. Mgeni alipofika akakanusha mwenyewe, kisha akaondoka akisema anaumwa. Alifariki mwaka uliofuata, tarehe 23 Novemba 1979. Ushuhuda wa mdomo, basi, upime kwa umri wake: uliandikwa kabla habari haijatangazwa, au baada? Ulioandikwa baada ya gazeti kusambaa si shahidi mpya.

Wasifu uliochapishwa mwaka 1983 na Charles Higham na Roy Moseley ulirudisha kuzaliwa kwake Bombay, ukamtaja mama yake kuwa Charlotte Selby. Wengi wakaridhika hapo. Lakini Harry Selby, aliyejidhania mpwa wa Oberon, alikuwa ametafuta cheti cha kuzaliwa katika kumbukumbu za serikali huko Bombay akakuta mama aliyeandikwa ni Constance, binti wa Charlotte, ambaye ndiye mama yake Harry pia. Yaani Charlotte alikuwa bibi aliyemlea mjukuu kama mwanawe, na Harry hakuwa mpwa bali ndugu wa mama mmoja. Hakumwambia Higham. Jambo lilijulikana kwa umma mwaka 2002, katika filamu ya kumbukumbu ya Marée Delofski. Ona jinsi sahihisho lilivyoishia nusu ya njia: mahali pakasahihishwa, mzazi akabaki na kosa kwa karibu miaka ishirini zaidi, kwa sababu aliyegundua uongo wa kwanza alidhani kilichobaki ni kweli. Kila kipengele kina njia yake. Tarehe, mahali, mama, baba, jina: vihakiki kimoja kimoja, hata vikiwa vyote kwenye karatasi moja.

Nayo si mambo ya makavazi tu. Oberon aliteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za nane, zilizotolewa Machi 1936. Michelle Yeoh wa Malaysia alipoteuliwa kugombea tuzo hiyo hiyo mwaka 2023, waandishi makini walilazimika kumtaja kuwa wa kwanza *anayejitambulisha* kuwa Mwasia, kwa sababu mwanamke wa Bombay alikuwa amemtangulia kwa miaka 87. Neno "wa kwanza" ndilo linaloanguka haraka kuliko yote katika wasifu. Usiliandike kabla ya kujua umehesabu nani, na umemwacha nani.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kutafuta tarehe, andika orodha ya majina yote mtu aliyowahi kutumia, pamoja na tahajia zake. Kwa Oberon utakuwa na Estelle Merle Thompson, Queenie, O'Brien, kisha majina ya ndoa: Korda tangu 1939 (na Lady Korda mumewe alipopewa heshima mwaka 1942), Ballard, Pagliai, Wolders. Joan Crawford alizaliwa Lucille LeSueur, akakua akiitwa Billie Cassin kwa jina la baba wa kambo, na jina la skrini lilitokana na shindano la gazeti mwaka 1925. Ukitafuta "Joan Crawford" katika nyaraka za kabla ya 1925 utampata mtu mwingine kabisa mwenye jina hilo, nawe utafurahi bure. Kwa waigizaji wa kwetu ongeza jina la baba, jina la babu, jina la ubatizo, jina la kisanii, na tofauti za tahajia kati ya cheti cha shule na pasi ya kusafiria.

Umri mara nyingi hupunguzwa kwa njia moja, yaani mwaka husogezwa mbele na siku ya kuzaliwa huachwa ilivyo. Kuidanganya familia nzima kuhusu siku ya keki ni shida. Kwa hiyo siku na mwezi mara nyingi ni vya kuaminika, na kinachotafutwa ni mwaka.

Crawford ni mfano mzuri wa hesabu hiyo. Alisema alizaliwa tarehe 23 Machi 1908, na mwaka huo ndio ulioandikwa kwenye kaburi lake. Usajili wa vizazi huko Texas alikozaliwa ulikuwa bado legelege. Lakini karani wa sensa alifika kwao Lawton, Oklahoma, Aprili 1910 akaandika mtoto wa miaka 5. Siku ya marejeo ya sensa hiyo ilikuwa tarehe 15 Aprili 1910, yaani umri uliotakiwa ni wa siku hiyo, hata kama karani alipita baadaye. Mtoto aliyetimiza miaka 5 na hajafika 6 siku hiyo alizaliwa kati ya tarehe 16 Aprili 1904 na tarehe 15 Aprili 1905. Ndani ya kipindi hicho kuna Machi 23 moja tu, ya 1905. Mzazi anaweza kukosea mwaka mmoja, ndiyo maana utaona pia 1904 na 1906 zikitajwa. Lakini mzazi hawezi kumwona mtoto wa miaka 2 akasema ana 5.

Siku ya marejeo hubadilika, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika: tarehe 1 Juni kwa sensa ya 1900, 15 Aprili kwa 1910, 1 Januari kwa 1920, 1 Aprili kwa 1930, 1940 na 1950. Sensa ya 1900 ni tamu zaidi kwa sababu iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Marekani hufungua sensa baada ya miaka 72, hivyo ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022 na ndiyo ya mwisho unayoweza kuisoma kwa majina. Chukua sensa mbili au tatu za mtu mmoja. Ile aliyohesabiwa akiwa mtoto ina uzito kuliko zote, maana wakati huo hakuwa na sababu ya kuwa kijana zaidi.

Uingereza ina mtego mwingine. Faharasa ya vizazi iliyoanza Julai 1837 ilipangwa kwa robo ya mwaka hadi 1983, na hufuata tarehe ya kusajiliwa badala ya kuzaliwa. Mzazi alipewa siku 42 kusajili. Mtoto wa Desemba 1913 anaweza kabisa kuonekana kwenye robo ya Machi 1914, na tovuti nyingi hunakili huo 1914 zikauita mwaka wa kuzaliwa. Tangu robo ya Septemba 1911 faharasa hiyo huonyesha pia jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, msaada mkubwa pale majina ya kawaida yanapogongana. Na kwa kuwa sensa ya 1931 iliungua na ya 1941 haikufanyika, daraja lililobaki ni daftari la tarehe 29 Septemba 1939, lenye tarehe kamili za kuzaliwa. Anayetafuta mzaliwa wa India ya Waingereza, kama Oberon au Vivien Leigh aliyezaliwa Darjeeling mwaka 1913, ataingia kwenye daftari za ubatizo zilizohifadhiwa Maktaba ya Uingereza. Pale zingatia kwamba ubatizo unaweza kufanyika miezi au miaka baada ya kuzaliwa, na karani huandika vyote viwili katika safu tofauti.

Orodha za abiria wa meli zina umri na mahali pa kuzaliwa, ila aliyejibu ni msafiri mwenyewe, tena akiwa tayari na jina la kulinda. Cheti cha kifo ni imara kwa kifo na dhaifu kwa kuzaliwa, kwani marehemu hakuulizwa. Tazama mstari wa mtoa taarifa: mume wa nne anajua alichoambiwa.

Kuna kosa jingine ambalo halina mwongo yeyote ndani yake. Lupita Nyong'o alizaliwa tarehe 1 Machi 1983. Mmarekani huandika 3/1/1983, mwezi kwanza. Msomaji wa Nairobi au Mwanza anaisoma 3 Januari. Anna May Wong, aliyezaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, hupatwa na kinyume chake: 1/3/1905 inageuka 1 Machi. Tarehe yoyote ambayo siku yake haizidi 12 ihakiki kwa chanzo kilichoandika jina la mwezi kwa herufi.

Halafu kuna 1 Januari. Hifadhi za data kama Wikidata hutunza tarehe pamoja na kiwango cha uhakika wake: siku, mwezi au mwaka tu. Tovuti inayonyonya data hizo ikipuuza kiwango hicho, mtu ambaye mwaka wake pekee ndio unajulikana huchapishwa kama mzaliwa wa 1 Januari. Fungua kipengele chenyewe uone kama tarehe ina rejeo na kama ni ya mwaka au ya siku. Kwa upande wetu 1 Januari ina chanzo kingine tena: wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia waliohamishiwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini walipewa tarehe hiyo kwenye fomu pale ambapo siku halisi haikujulikana. Kwa msanii wa ughaibuni mwenye historia hiyo, tarehe ya kwenye pasi ni ya kiofisi, na ni haki kuiandika hivyo.

Mahali nako kuna maswali manne ambayo watu huyachanganya kuwa moja: alizaliwa wapi, alilelewa wapi, ni raia wa wapi, asili yake wapi. Nyong'o alizaliwa Mexico City, wakati baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Familia ilirudi Kenya kabla hajatimiza mwaka mmoja, na huko ndiko alikolelewa. Ana uraia wa Kenya na wa Meksiko. Ni Mluo. "Mzaliwa wa Kenya" ni kosa. "Mkenya" si kosa, na "Mmeksiko" pia si kosa. Akiwa na miaka 16 alirudishwa Meksiko kujifunza Kihispania, na watu wanaochukua habari hiyo bila kuisoma vizuri humfanya aliyekulia huko.

Tuzo zake zinaonyesha mtego wa miaka. Oscar yake ya mwigizaji bora msaidizi alikabidhiwa tarehe 2 Machi 2014 kwa filamu ya mwaka 2013. Orodha za Akademia hupangwa kwa mwaka wa filamu, magazeti huhesabu mwaka wa hafla. Chagua utaratibu mmoja, utaje waziwazi, usichanganye ndani ya jedwali moja. Elimu nayo: "alisoma" na "alihitimu" ni madai mawili. Kwa Yale, aliyohitimu mwaka 2012, unaweza kuandika la pili bila wasiwasi.

Wapo wanaodhani tovuti kubwa ya orodha za filamu, IMDb, ni daftari rasmi. Maelezo mengi huko huletwa na watumiaji na waigizaji wenyewe. Junie Hoang, mwigizaji wa Marekani, aliwasilisha tarehe ya kuzaliwa iliyomfanya awe mdogo kwa miaka saba. Baadaye alitaka iondolewe, tovuti ikaweka ya kweli, 1971, naye akaenda mahakamani. Baraza la wazee wa mahakama huko Seattle lilimnyima ushindi mwaka 2013. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2016 kuruhusu waigizaji kuondolewa umri wao, na mahakama zikaibatilisha. Kwa hiyo umri wa mwigizaji aliye hai ni suala la ajira pia: anaogopa kukosa nafasi, si kwamba anapenda tu kudanganya. Tumia alichotangaza mwenyewe au kilichochapishwa na chombo kinachohaririwa. Kumchimbulia cheti mtu binafsi, anwani yake au watoto wake si uhakiki.

Kugundua kwamba vyanzo kumi ni kimoja kunahitaji uvumilivu kidogo. Nakili sentensi yenye maneno yasiyo ya kawaida, itafute ndani ya alama za nukuu, kisha punguza matokeo kwa tarehe hadi upate ya zamani kuliko zote. Kwenye Wikipedia fungua historia ya mabadiliko, utafute ni siku gani dai liliingizwa na kama lilikuja na rejeo. Ikiwa gazeti unalotaka kulitaja limechapishwa baada ya siku hiyo, huenda limenakili Wikipedia yenyewe, na ukilitumia kama rejeo utakuwa umefunga duara. Kurasa zilizofutwa zitafute katika Wayback Machine, inayohifadhi tovuti tangu 1996. Kwa magazeti ya zamani, Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia na Media History Digital Library yenye majarida ya filamu ya Marekani ni bure. Tafuta kwa tahajia zilizoharibika pia, kwani mashine iliyosoma kurasa hizo huchanganya "rn" na "m". Programu za akili mnemba hutunga tarehe kwa ufasaha mkubwa. Ziulize mahali pa kutafuta, usiziulize jibu. Na zile tovuti za urefu, uzito na "utajiri wa dola milioni kadhaa" ziache kabisa: hakuna aliyempima wala aliyehesabu.

Kwa waigizaji wa Afrika Mashariki hatua ya kwanza ni kumuuliza mhusika au meneja wake kwa maandishi. Ukionyeshwa cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa Tanzania) au cha usajili wa Kenya, soma tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kusajiliwa. Vikipishana miaka ishirini, tarehe ya kuzaliwa ilitokana na kumbukumbu ya mtu au karatasi nyingine, basi ulizia hiyo karatasi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejesta ya shule. Kisha linganisha na masomo. Anayeanza darasa la kwanza Tanzania akiwa na miaka 7 humaliza kidato cha nne akiwa na 17 au 18. Wasifu unaosema alizaliwa 1995 na kumaliza kidato cha nne 2006 una tatizo mahali fulani. Nchini Kenya, aliyeandikiwa kuwa alifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 1986 ameandikiwa mtihani ambao haukuwepo, maana wa kwanza ulifanyika 1989. Majina ya miji hufichua vivyo hivyo. Nakala inayodaiwa kuwa ya 1911 yenye neno Mumbai imechapwa upya baada ya 1995, na "Kinshasa" katika hati inayodaiwa kuwa ya 1960 iliandikwa baada ya mji huo kuacha kuitwa Léopoldville mwaka 1966. Hati hiyo inaweza kuwa halali bado, lakini si ya asili, na makosa ya kunakili yamepata nafasi.

Mwisho wa kazi si lazima upate jibu moja. Andika kilichopo pamoja na aliyekisema, kwa mfano: "Joan Crawford alizaliwa San Antonio, Texas, tarehe 23 Machi. Yeye alitaja mwaka 1908. Sensa ya 1910 inaelekeza kwenye 1905." Mhariri akikuambia nafasi haitoshi, kata sifa za urembo.